Jiwe Lililozama Newala

Nimekabidhi ofisi. Katika orodha ya makabidhiano mmeona meza moja, kabati lenye mguu mbovu, masanduku ya sampuli za miamba yaliyoandikwa mahali na kina, na ndoo moja ya plastiki iliyo nyuma ya mlango, yenye maji na jiwe. Mmoja wenu, ambaye hakuwapo siku ya kuniaga, aliniuliza kama ndoo hiyo ni ya kufanyia usafi. Si ya usafi, na msiimwage. Kwa sababu ya ndoo hiyo nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia kurasa hizi, ninyi mliobaki kutafuta maji katika wilaya zetu za Masasi na Newala.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vimo katika majalada, na majalada hayana mengi ya kumfundisha mtu.

Nilipofika Masasi kuanza kazi nilikuwa na cheti kipya, viatu vipya na majibu mengi. Kiongozi wangu alikuwa mchimba visima aliyezaliwa Rungwe, ambaye sote tulimwita Baba Tumaini. Hakuwa amesoma sana, lakini alijua ardhi kama mkulima ajuavyo shamba lake. Asubuhi ya kwanza hakunionyesha ofisi wala choo. Aliokota jiwe chini ya kilima kilichokuwa nyuma ya karakana, akaniwekea kiganjani.

"Nini hiki?"

"Granaiti, Baba Tumaini," nilijibu bila kulitazama.

"Nani kakwambia?"

"Vilima vya Masasi vinajulikana kuwa ni granaiti. Watu wote wanasema."

"Mimi sijawauliza watu wote. Kaa hapo nalo mpaka ulione."

Nilikaa juu ya pipa hadi adhuhuri. Kwa kukosa la kufanya nililigeuza, nikalilowesha kwa ulimi, kwa kuwa jiwe lililoloa huonyesha chembe zake vizuri kuliko jiwe kavu. Ndipo nikaona kwamba chembe zilikuwa zimepangwa katika mistari, nyeupe na nyeusi, kama mkeka uliosukwa. Halikuwa granaiti. Lilikuwa naisi, yaani mwamba wa kale uliobanwa na kuunguzwa chini sana ya ardhi mpaka ukajipanga upya. Nilipomweleza, Baba Tumaini hakunipongeza. Alisema tu, "Haya. Sasa njoo unywe chai."

Watoto wa shule waliokuwa wakipita waliniona nikilamba mawe, na kabla ya juma kwisha nilikuwa nimepata jina. Mimi ni mtu wa Chiwata na nina jina la ubatizo, lakini kwa miaka yote ya kazi, kutoka Nanganga hadi ukingo wa uwanda wa Newala, nimeitwa Mlamba Mawe. Jina hilo sikulipenda, na wala halikungoja nilipende.

Mwaka uliofuata tulitumwa nyanda za juu kusini kuchukua vipuri vya mtambo wa kuchimbia. Njiani Baba Tumaini alinipeleka nyumbani kwao Rungwe. Kando ya barabara, mahali kilima kilipokatwa, nilikuta tabaka la mawe ya kijivu hafifu, mepesi kama mkate uliokauka. Nilikuwa nimeyasoma, lakini sikuwa nimeyashika. Ni mawe ya volkano ambayo katika vitabu huitwa pumisi, na akina mama wengi mnawajua wakiyatumia kusugulia visigino.

Ningependa mwelewe jinsi jiwe hili linavyozaliwa, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Chini ya volkano mna uji wa miamba iliyoyeyuka. Uji huo hutofautiana kwa kiasi cha silika iliyomo, na silika ni dutu ileile inayounda mchanga mweupe na kioo cha dirisha. Silika ikiwa kidogo, uji huwa mwepesi: hutiririka, na mapovu ya gesi hupanda na kutoka kwa amani. Silika ikiwa nyingi, uji huwa mzito na unaonata. Kila aliyewahi kusonga ugali wa muhogo anajua tofauti hiyo. Uji mwembamba hutokota taratibu, lakini ugali mzito huzuia hewa, kisha huitema ghafla na kumrukia mpishi mkononi. Volkano yenye silika nyingi hufanya vivyo hivyo kwa ukubwa wa mlima. Gesi iliyofungiwa hupata upenyo, uji wote hufura kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa, hupasuka na kurushwa angani, nao hupoa upesi kiasi kwamba chembe hazipati muda wa kukua. Kinachoanguka ni povu lililogeuka kioo. Uji huohuo ukitoka bila povu na kupoa taratibu kidogo huwa rayolaiti. Ukipoa upesi bila mapovu huwa kioo cheusi cha obsidiani. Na ukikwama chini ya ardhi na kupoa kwa muda mrefu mno huwa granaiti. Ni watoto wa mama mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Jiwe nililochukua pale Rungwe, wenye maabara walilipa jina la jamaa wa karibu wa rayolaiti mwenye silika pungufu kidogo. Nalitaja hilo ili asije mmoja wenu akanisahihisha kwa furaha.

Nyumbani kwa Baba Tumaini mama yake alikuwa na beseni la kufulia. Nilitumbukiza humo moja ya mawe yale, lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Likaelea. Nilifurahi kama mtu aliyeliumba yeye mwenyewe.

"Kama kitabu kilivyosema," nikamwambia Baba Tumaini. "Halizami hili."

"Limeelea," alisema. "Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa dunia, Baba Tumaini. Ni hewa tupu iliyofungwa kwenye kioo!"

Akamgeukia mama yake na kumwomba ndizi. Jiwe nikalifunga katika begi, nikarudi nalo Masasi.

Katika miaka iliyofuata nilijijengea sifa ya kutopokea maneno ya mitaani. Nanganga walituita wakisema volkano imeanza kuota shambani mwa mtu, kwa kuwa jembe lilikuwa limefukua mawe meusi yanayong'aa kama kioo, na mfanyabiashara mmoja alikwisha kuwaambia ni obsidiani. Baadhi ya watu walikuwa wamefunga mizigo. Nilichukua sumaku, nikaigusisha na moja ya mawe hayo, ikanata. Obsidiani haivuti sumaku hivyo. Nilichimba kidogo nikakuta makaa na vipande vya mabomba ya udongo ya mivukuto. Palikuwa na tanuri la kale la kuyeyushia chuma, na "volkano" ilikuwa takataka za wahunzi waliokufa zamani. Mwenye shamba alisikitika. Nadhani alikuwa ameanza kuizoea heshima ya kumiliki volkano. Mimi nilirudi ofisini nikijiona hakimu wa mawe yote ya kusini.

Basi sikilizeni habari za Newala.

Mnajua shida ya uwanda ule. Chini yake ni mchanga uliogandamana na udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huzama mbali kuliko mitambo yetu ya wakati ule ilivyoweza kufika. Ndiyo maana watu wa kule huvuna maji ya mapaa katika matanki yaliyochimbwa ardhini. Katika mtaa mmoja nyumba kumi na mbili zilikuwa na tanki la pamoja, na utaratibu wao niliuheshimu. Mvua za masika zikiisha, mfuniko wa zege uliwekwa na kuzibwa pande zote kwa saruji, usifunguliwe hadi siku waliyokubaliana, wakati wa kiangazi kikali, mbele ya nyumba zote kumi na mbili. Mlinzi wa tanki alikuwa Mama Hadija, mjane aliyeishi na mama yake mzee. Sheria yao ilikuwa fupi: atakayelisaliti tanki hatahesabiwa tena kwenye tanki. Atashuka bondeni kuteka maji chemchemini, na kuupanda ukingo na ndoo kichwani, kama walivyofanya bibi zao.

Kwa kuwa mfuniko ulizibwa, walihitaji njia ya kujua maji yamefika wapi. Walikuwa na boya la mti ndani ya tanki, limefungwa kamba. Kamba ilipanda kupitia bomba dogo, ikapita juu ya kapi, ikashuka upande wa nje wa ukuta ikiwa na kipande cha bati jekundu nchani. Ukuta ulichorwa mistari. Maji yakiwa mengi boya lilikuwa juu na bati chini. Maji yakipungua boya lilishuka na bati likapanda. Kila apitaye alisoma hali ya tanki bila kuuliza mtu. Lakini boya lile lilioza, na la pili likaliwa na wadudu. Nikiwa pale kwa kazi nyingine, Mama Hadija alinieleza shida hiyo.

"Baba Salome," alisema, maana Salome ni binti yangu wa kwanza, "ninyi wasomi hamna kitu kinachoelea na kisichooza?"

Niliona fahari kubwa. Nilileta jiwe langu la Rungwe, nikalifunga kamba mwenyewe, nikawakusanya watu nikawapa somo la silika na mapovu kwa muda mrefu kuliko walivyohitaji. Nikamaliza kwa kusema, "Hili halizami." Walipiga makofi. Kiangazi kilichofuata bati lilisema kweli kila siku, na siku ya kufungua maji yalikuwa palepale liliposema yapo. Sifa zangu zilipanda juu kuliko ukingo wa Newala.

Kiangazi cha pili nilipata simu kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Jioni bati lilikuwa chini, tanki karibu kujaa. Asubuhi lilikuwa juu kabisa, kwenye mstari wa mwisho. Nikafunga safari.

Nilikuta nyumba zote kumi na mbili zimekusanyika kando ya tanki. Mama Hadija alikuwa amesimama peke yake upande mmoja. Kwenye kona ya mfuniko palikuwa na kiraka cha saruji mpya.

"Shikamoo, Mzee," alisema mwenyekiti. "Mambo ndiyo haya unayoyaona. Kiraka hicho si chetu."

"Marahaba. Ni cha nani?"

"Ni changu," alisema Mama Hadija. "Saruji ya kona ilipata ufa, mchwa wakapenya. Nikaziba mapema, mavumbi yasiingie."

"Hukumwambia mtu," mwanamke mmoja akadakia.

"Ningesema nini? Kwamba nimeziba tundu la mchwa? Nikipiga chafya pia niitishe mkutano?"

Wengine walicheka, lakini si wengi. Mwanamume mmoja akasema kwamba gari la maji lilisikika usiku likinguruma mtaani, na kwamba wafyatua matofali wa mjini wanatafuta maji kwa udi na uvumba.

Hapo nikasimama imara, kama ilivyo desturi yangu. "Nani ameliona gari hilo?"

"Limesikika."

"Sijauliza masikio. Nani ameliona?"

Hakuna aliyeliona. Nikawakemea kwa dakika kadhaa juu ya uovu wa maneno ya kusikia, na nikaona Mama Hadija ananiangalia kwa matumaini. Kisha mwenyekiti akauliza swali lililokuwa halali kabisa.

"Sawa, Mzee. Gari tuliache. Wewe mtaalamu unasemaje: maji yamo au hayamo?"

Nililitazama bati. Lilikuwa mstari wa mwisho. Nikasema, kwa sauti ileile niliyowakemea nayo: "Jiwe lile haliwezi kuzama. Kama limeshuka, maji yameshuka. Maji hayamo. Yameondokaje, hilo sijui."

Vijana wangu, yatafakarini maneno hayo. Tanki lile lilikuwa na ukubwa ambao watu kumi wenye ndoo wasingeweza kulimaliza kwa usiku mmoja. Kama lingekuwa limepasuka, udongo wa pembeni ungelowa au kutitia, nami sikuinama kuugusa. Nilikuwa na ushahidi miguuni pangu, nikauacha, nikafuata maneno niliyoyasoma katika kitabu.

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Basi mtaalamu kasema. Kufungua tanki tupu ni kuharibu saruji tu. Mama Hadija, sheria unaijua."

Mama yake mzee, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alianza kulia kimyakimya. Mama Hadija hakulia. Alinijia polepole, akasimama mbele yangu.

"Baba Salome, nikuulize, bila kukukosea heshima."

"Uliza."

"Maji hayamo: umeyaona kutokuwamo, au umeambiwa na jiwe?"

 Nilihisi kana kwamba Baba Tumaini, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao, alikuwa ameketi juu ya pipa mahali fulani nyuma yangu.

"Naomba nyundo yako," alisema Mama Hadija.

Nyundo yangu ya mawe sikupata kumwazima mtu, hata Baba Tumaini. Nilimpa. Alipiga magoti akaanza kuvunja saruji ya mfuniko, si kwenye kiraka chake bali upande wa pili, ile iliyozibwa mbele ya wote. Alipiga kwa ghadhabu na kwa shabaha nzuri. Wanaume wawili wakamsaidia kusukuma zege. Ulipopatikana upenyo wa kiganja, aliokota kokoto, akainyanyua ili kila mtu aione, akaidondosha.

Chubwi!

Haikuwa sauti ya mbali ya shimo tupu. Ilikuwa karibu, nene na ya kushiba. Mwanamke aliyekuwa amemdakia akapiga kigelegele kabla hajakumbuka kwamba alikuwa upande mwingine. Mfuniko ulipofunguliwa tuliona maji yametulia karibu na mdomo wa tanki, na kamba imenyooka kwenda chini gizani. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaivuta kamba mwenyewe, maana nilijua kazi hiyo ilikuwa yangu. Jiwe la Rungwe lilikuja juu likiwa zito kama jiwe lingine lolote, likitiririsha maji kwenye matundu yake yote.

Niliwaeleza palepale, na safari hii kwa maneno machache. Mapovu ya jiwe lile si vyumba vilivyofungwa vyote. Mengi yameunganishwa kwa vinjia vyembamba, kwa sababu gesi ilipokuwa ikitoroka iliyapasua. Maji huingia taratibu mno, tundu baada ya tundu, na kila siku jiwe huzama unywele mmoja bila mtu kutambua. Siku uzito wake unapozidi ule wa maji, halishuki kwa hatua. Huenda chini mara moja. Nilikuwa nimewaambia halizami kwa sababu niliwahi kuliona likielea ndani ya beseni la mama mmoja, kwa muda wa kula ndizi mbili.

"Kwa hiyo," alisema mwenyekiti, akijitahidi kutunza heshima yake, "mwizi wa maji ni jiwe."

"Jiwe limekunywa kiasi chake tu," nilisema. "Aliyewapotosha ni mimi. Mama Hadija, naomba radhi mbele ya nyumba zote kumi na mbili."

Alinirudishia nyundo. "Nimekusamehe, Mlamba Mawe. Lakini jiwe nalichukua. Visigino vyangu vilikuwa tayari kushuka bondeni, angalau livisugue."

Mtaa mzima ulicheka, na mama yake mzee akacheka kuliko wote. Saruji ya kuziba upya niliinunua mimi, na boya jipya likawa dumu la plastiki lenye kifuniko kilichobanwa. Hilo nililijaribu kwanza, miezi minne, katika pipa la ofisini, nikiandika kila Jumatatu. Sikusema kwamba halizami. Niliandika kwamba kwa miezi minne halikuzama.

Nilimwandikia Baba Tumaini kumweleza yote. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Haya. Njoo unywe chai."

Siku ya kuniaga, mwezi uliopita, mlimwona mama mmoja akiingia na kitu kilichofungwa katika kanga, mkadhani ni zawadi ya korosho. Alikuwa Mama Hadija, ambaye bado ni mlinzi wa tanki. Ndani ya kanga kulikuwa na jiwe, limepungua kidogo kwa kusugua, limekauka juu ya paa lake kwa miaka mingi.

"Nimemleta mkosaji wako," alisema. "Anaomba kurudishwa kazini."

Neema, uliye mdogo kuliko wote ofisini, uliniuliza: "Je, litaelea tena, Mzee?" Nikafungua kinywa kujibu. Mama Hadija akaniangalia. Nikafumba kinywa, nikaenda kutafuta ndoo.

Lilielea. Hayo mliyaona wenyewe. Ukutani juu ya ndoo nimetundika daftari na kalamu. Kila asubuhi mmoja wenu aandike tarehe na alichokiona, na asiyetazama asiandike.

Juzi nilipiga simu ofisini, akapokea Neema. Tulisalimiana vizuri, kisha nikauliza habari za jiwe.

"Nadhani bado linaelea, Mzee."

Nilikata simu.

Baada ya dakika moja alinipigia yeye. Nilisikia viatu, mlango ukigonga ukuta, na mtu akihema.

"Nimeliona, Mzee! Limeshuka kidogo. Sehemu iliyo juu ya maji ni upana wa kidole gumba changu, nimepima."

"Kidole chako au unachokikisia?"

"Changu, Mzee. Bado kimeloa."

"Haya," nikamwambia. "Sasa andika, kisha ukanywe chai."